Felician Hakunywa

Ijumaa ya nne ya Kwaresima, Felician alimeza vidonge vyake vya kisukari kwa maji matupu, akavaa shati la kazi na kuanza kutafuta kofia yake.

"Hunywi hata uji?" mkewe Laurentia alimwuliza kutoka jikoni.

"Nimefunga."

"Mwanao alikwambia usifunge. Alikwambia mbele yangu."

"Flaviana ni muuguzi," Felician alisema, "si padri." Akacheka mwenyewe, akaipata kofia na kutoka.

Alikuwa hajala tangu jioni ya Alhamisi. Ijumaa zote za Kwaresima hiyo alifunga hivyo hivyo, na kwa kuwa zile tatu za mwanzo hazikumdhuru, aliamini kwamba Mungu ameelewana na sukari yake. Siku hiyo waumini wa kigango, pale Gwata, walikuwa wanafyatua matofali ya nyumba ya katekista, na yeye kama mwenyekiti wa jumuiya hakutaka kukuta wenzake wamemtangulia.

Kabla ya saa nne alianza kuharibu. Alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya matofali mabichi yaliyopangwa juani. Walipomwuliza kulikoni, akacheka. Katekista Evodius akamwendea na kumwambia kwa upole akapumzike kivulini. Felician akamtazama kama mtu asiyemjua, akamwita mbwa, kisha akaongeza neno jingine, la kilabuni, ambalo kina mama waliokuwa wakichota maji walijifanya hawakulisikia. Akapiga hatua mbili, akayumba, akakalia tope. Jasho lilikuwa likimtoka kama mtu aliyetolewa mtoni.

Watu waliacha kazi. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini, kwa sababu kila mmoja alidhani anajua. Felician alikuwa ameiacha gongo miaka tisa iliyopita, akaapa mbele ya altare, kigango kizima kikishuhudia. Kabla ya hapo aliwahi kuiacha mara mbili na kuirudia.

"Jamani, karudi kwenye chupa," mwanamke mmoja alisema taratibu.

"Na Kwaresima hii!"

Evodius hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu kwa niaba ya mwenzake, akataka aondolewe haraka kabla watoto wa mafundisho hawajafika. Akapiga simu kuita bodaboda.

*

Badru, mwenye bodaboda, aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Felician. Alimpakia katikati, na nyuma akakaa mwanamume mmoja wa jumuiya aliyeitwa Yona, akimshika kiunoni asianguke. Walipita njia kuu ya kijiji hivyo hivyo, kichwa cha Felician kikining'inia begani kwa Badru. Waliokuwa kwenye duka walisimama kutazama. Mmoja akapiga mluzi.

Laurentia alikuwa akipepeta mahindi uani. Alipowaona, hakuuliza. Aliweka ungo chini, akajifunga kanga upya, kama alivyokuwa akifanya miaka ile.

"Tumekuletea mzee," Yona alisema bila kumtazama usoni. "Mengine katekista atakuja kuzungumza."

Felician alitaka kushuka mwenyewe, akaporomoka mlangoni, kidevu kikagonga kizingiti. Akamtukana Laurentia. Kisha akamwita mama.

"Mama," Badru alimwambia Laurentia, "mimi nimembeba mgongoni njia nzima, ananihemea shingoni. Harufu ya pombe sijaisikia. Huyu analowa jasho tu."

"Wewe Badru, pombe unaijulia wapi?" Yona alimkata. "Twende zetu. Usimwongezee mama wa watu aibu."

Laurentia aliinama, akanusa mdomo wa mumewe. Aliisikia. Au pua yake, iliyolala na gongo kitanda kimoja miaka kumi na minane, ilimletea kile ilichozoea. Akanyoosha mgongo, akaingia ndani kutafuta simu.

Binti yao wa pekee, Flaviana, alikuwa muuguzi wa idara ya dharura katika hospitali moja ya Kibaha, akipanga chumba Maili Moja. Wiki hiyo hakuwa Kibaha. Alikuwa Kisarawe, akiwafundisha wauguzi na matabibu wa zahanati jinsi ya kumwokoa mgonjwa mahututi na jinsi ya kumpima mtu aliyepotewa na fahamu. Simu ilimkuta saa nne na nusu, chai mkononi.

"Baba yako amerudia," mama alisema.

Flaviana alikiweka kikombe dirishani kwa hasira, chai ikamwagika. Miaka tisa alikuwa akiwaambia wenzake kwamba baba yake ni mwenyekiti wa jumuiya, na kila alipolisema hilo, kitu kidogo ndani yake kilikuwa kikisubiri simu kama hii.

"Nani kamleta?"

"Badru na Yona. Kwenye pikipiki kama gunia, mchana kweupe. Kamtukana katekista. Kanitukana mimi."

"Sasa hivi anafanya nini?"

"Amelala pale chini. Anakoroma."

"Mwache, mama. Usimwoshe, usimbembeleze. Mwache alale mpaka imtoke."

"Hata maji nisimpe?"

"Hata maji. Aamke ajikute alivyo, ajue alichotufanyia."

Laurentia alimburuta mumewe mpaka kwenye mkeka wa chumba cha mbele. Alifikiri akiamka atatoka kwenda kutukana watu njiani, akafunga mlango kwa kufuli kwa nje, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Akachukua panga na kamba, akaenda kutafuta kuni mbali kuliko siku zote, mahali ambapo mtu anaweza kulia bila kuulizwa. Simu ilibaki ndani ya nyumba, na kabla ya adhuhuri ikaishiwa chaji.

*

Kisarawe, baada ya chakula cha mchana, Flaviana alisimama mbele ya wanafunzi wake kumi na watatu. Mezani palilala sanamu ya mpira ya kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua. Ubaoni alikuwa ameandika ngazi nne za fahamu: mgonjwa yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, haitikii chochote.

"Mkisharidhika kwamba njia ya hewa iko wazi, anapumua na damu inazunguka, msikimbilie kumpa jina la ugonjwa," alisema. "Mpimeni kwanza. Swali?"

Mwamini, muuguzi wa zahanati moja ya Kurui, aliinua mkono.

"Mwalimu, tuseme huyo mtu tunamjua. Mlevi wa kijiji. Kila mwisho wa wiki analetwa hivyo hivyo, anayumba, anatukana. Huyo naye tumpime yote hayo?"

Darasa likacheka. Flaviana naye akatabasamu, maana swali hilo lilikuja katika kila mafunzo na jibu lake alikuwa nalo tayari.

"Huyo ndiye wa kumpima kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayekufa huku mkimcheka. Ulevi ni jibu la mwisho, ukishaondoa mengine yote. Anaweza kuwa ameumia kichwa. Anaweza kuwa na malaria kali. Na cha kwanza kabisa mpime sukari, haichukui hata dakika. Sukari ikishuka, mtu anayumba, anatoka jasho, anatukana watu anaowaheshimu, halafu anakoroma. Anakuwa mlevi na hajaonja hata tone. Hasa kama ni mgonjwa wa kisukari, amemeza dawa zake na haja..."

Chaki aliyoishika ilibaki hewani.

"Haja nini, mwalimu?" Mwamini aliuliza, kalamu ikiwa juu ya daftari.

"Hajala," Flaviana alisema.

Aliiangusha chaki. Wanafunzi walimwona akipekua mkoba, akitoa simu, akiiweka sikioni, akiishusha, akiiweka tena. Simu ya mama haikupatikana. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

*

Badru alikuwa kijiweni akisubiri abiria.

"Badru, ni Flaviana. Baba ana jasho? Ulivyombeba alikuwa na jasho?"

"Sana, dada. Nilimwambia mama..."

"Kimbia nyumbani. Sasa hivi. Usikate simu."

Flaviana alisikia pikipiki ikiwashwa, upepo, breki, hodi tatu. Kisha sauti ya Badru: "Dada, kuna kufuli."

"Liko nje?"

"Nje. Mama hayupo."

"Vunja."

Alisikia jiwe likigonga mbao, mara tano, mara sita. Wanafunzi kumi na watatu walikuwa wamesimama sasa, hakuna aliyesogea.

"Nimeingia. Yupo kwenye mkeka. Ana povu mdomoni, dada. Anapumua lakini anakoroma vibaya."

"Mwite kwa nguvu."

"Mzee Felician! Mzee! ... Haitiki."

"Mfinye juu ya bega, pale penye msuli. Finya sana. Anafanya nini?"

"Anakunja mikono tu, anaikaza kifuani. Macho hafungui."

Flaviana aliutazama ubao. Maneno yote aliyoyaandika asubuhi yalikuwa pale, kwa mwandiko wake.

"Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini. Usimpe maji, yatamwingia kwenye mapafu. Sukari iko kwenye kopo jekundu juu ya kabati. Lowesha kidole, chovya, mpake kwenye fizi na ndani ya shavu. Kidogo kidogo. Halafu tafuta mtu wa kumshika, mpeleke zahanati. Mwambie muuguzi ampime sukari kabla ya kitu chochote."

"Sawa, dada. Nampaka sasa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mzee, nisamehe."

Kule zahanati muuguzi hakupoteza muda. Alimchoma kidole Felician, akaweka tone kwenye kipimo. Kipimo hakikuandika namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko chini kuliko kinavyoweza kuhesabu. Akapata mshipa, akamsukumia maji ya sukari, akapima tena, akaongeza dripu. Namba zilipanda vizuri. Felician hakuamka.

*

Gari la wagonjwa lilimfikisha hospitali ya Kibaha saa kumi jioni. Flaviana, aliyepakiwa na mwenzake kutoka Kisarawe, alikuwa ameshafika na kusimama mlangoni pa idara yake, bila sare. Alikikimbilia kitanda kabla hakijasimama. Akamwita baba yake sikioni. Akamminya kucha kwa kalamu, kama alivyowaminya wagonjwa wengi. Macho hayakufunguka. Kooni ikatoka sauti isiyo neno. Mikono ikajikunja kifuani.

"Macho moja, sauti mbili, mikono tatu," alisema. "Sita." Alama sita za fahamu katika kumi na tano.

Daktari wa zamu alikuwa Atupele, rafiki yake. Alimshika mabega, akamsogeza pembeni.

"Flavi, kaa nje. Leo wewe ni ndugu wa mgonjwa."

Akakaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, ambalo alikuwa akilipita kila siku bila kulitazama. Muuguzi kijana, mgeni aliyeanza kazi wiki hiyo, alimjia na faili. Hakumjua.

"Alianza kuwa hivi saa ngapi?"

"Kabla ya saa nne asubuhi."

"Mkampeleka zahanati saa tisa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini mlichelewa?"

Swali hilo Flaviana alikuwa amewauliza watu mamia, kwa sauti hiyo hiyo ya mtu asiye na muda. Hakujua kwamba linaingia hivi.

"Tulidhani amelewa," alisema.

Yule kijana aliguna kidogo, akaandika. Hakukusudia ubaya.

Laurentia alifika kabla ya jua kuzama. Alikuwa amerudi kutoka porini na mzigo wa kuni akakuta mlango umevunjwa na mkeka umelowa, majirani wakamwambia mzee kazidiwa. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Alikaa kando ya binti yake, akamshika mkono.

"Nilijua pombe hii ndiyo itakayomwua," alisema. "Miaka tisa, mwanangu. Ilikuwa inamvizia."

Flaviana alifungua mdomo. Akaona pindo la kanga ya mama yake, na ufunguo bado umefungwa pale. Akafunga mdomo.

Siku ile alinyamaza. Jumamosi kutwa alinyamaza pia, wakati mama akimfuta baba uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kumwambia, "Felician, nimekusamehe, amka tu." Atupele alikuwa amemweleza Flaviana ukweli bila kuuzungusha: ubongo ulikaa saa nyingi mno bila sukari, na mate na povu vilikuwa vimeingia mapafuni.

Jumapili saa mbili asubuhi, kengele ya mashine ililia. Flaviana ndiye aliyekuwa karibu. Aliweka vidole shingoni, akahesabu, hakusikia kitu. Akapanda kwenye ukingo wa kitanda, akaweka viganja katikati ya kifua cha baba yake na kuanza kukandamiza, akihesabu kwa sauti. Wenzake walikuja mbio. Mmoja akashika mpira wa kumpulizia hewa, mwingine dawa, Atupele akasimama miguuni akiwaongoza na kutazama saa. Mara ya kwanza walipotaka kumpokea kazi, Flaviana alikubali. Mara ya pili aliwasukuma. Chini ya viganja vyake alisikia ubavu ukivunjika, kama alivyowafundisha wengine kwamba utavunjika na wasiogope.

Dakika thelathini zikapita.

"Kuna mwenye wazo lolote tulilosahau?" Atupele aliuliza, kama inavyotakiwa kuulizwa.

Wenzake walitikisa vichwa.

"Basi. Flavi, toa mikono."

Hakuitoa. Atupele akaja akaitoa mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

*

Jumanne, maiti ikiwa imeshafika Gwata, Katekista Evodius aliingia uani na wazee wawili wa kigango. Laurentia alikuwa amekaa kwenye jamvi katikati ya wanawake.

"Mama Flaviana, pole tena. Wazee tumekaa," Evodius alianza. Aliongea akitazama mikono yake. "Sala tutaifanya hapa hapa nyumbani, kisha tutakwenda makaburini. Kanisani hatutampitisha. Marehemu aliapa mbele ya altare, na watu wote waliona siku ile alivyokuwa. Tukimwingiza, vijana tutawaambia nini?"

Wanawake waliinamisha vichwa.

"Sawa, baba," Laurentia alisema. "Nashukuru kwa hiyo sala."

Lile neno, nashukuru, Flaviana alilisikia akiwa mlangoni. Alimwinua mama yake kwa mkono, akamwongoza mpaka nyuma ya jiko, ambako moshi ulikuwa mwingi na hapakuwa na mtu.

"Mama, baba hakunywa."

"Usimtetee, mwanangu. Ameshakwenda."

"Hakunywa. Alifunga. Alimeza dawa na hakula, sukari ikaisha mwilini. Ile kuyumba, matusi, jasho, yote ni sukari. Tulimpima mpaka damu. Pombe haikuwemo."

"Nilisikia harufu."

"Haikuwepo, mama."

Laurentia alishika ukuta. Ilimchukua muda mrefu kufika pale ambapo Flaviana alikuwa amefika tangu Ijumaa, na Flaviana alimtazama akifika, hatua kwa hatua, asiweze kumzuia.

"Ningempa uji," Laurentia alisema, "angeamka?"

Flaviana alitamani kudanganya. "Mapema, wakati bado anaweza kumeza... uji, chai, hata soda. Ndiyo. Angeweza kuamka." Kisha akasema haraka, "Mimi ndiye niliyekwambia hata maji usimpe. Mimi niliyesomea. Wewe uliniuliza."

Mama alijifuta uso kwa kanga, akageuka na kurudi uani, Flaviana nyuma yake.

Watu walikuwa wamesimama tayari kwa sala. Flaviana alienda mbele, kando ya jeneza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kabla hamjasali, nina neno. Baba yangu hakunywa pombe. Alikuwa amefunga, kama baadhi yenu mlivyofunga. Mgonjwa wa kisukari akimeza dawa bila kula anafanana na mlevi. Mama alinipigia simu mapema, wakati bado angeweza kupona. Mimi kazi yangu ni hiyo, kutambua nani anakufa na nani amelala. Sikuuliza hata swali moja. Nilisema aachwe alale. Baba yangu hakufa kwa pombe. Nimemwua mimi kwa neno langu, na kanisani nisiingizwe mimi."

Yona alikuwa akitazama chini.

"Si peke yake," Laurentia alisema kutoka nyuma. Watu wakageuka. Alikuwa amesimama wima, mikono ikining'inia. "Mlango niliufunga mimi kwa kufuli, msimwone. Nilikuwa nawaogopa ninyi."

Hakulia alipolisema hilo, na ndilo lililowaliza wengine. Mwanamke aliyesema siku ile kwamba Felician karudi kwenye chupa alikaa chini, akajifunika uso kwa mtandio.

Evodius alikitazama kitabu cha sala kilichokuwa wazi mkononi mwake. Mwishowe akakifunga.

"Mimi aliniita mbwa," alisema, "nikajali hilo tu." Akawageukia vijana wa kubeba. "Inueni. Tunakwenda kanisani."

Yona alitaka kushika mbele ya jeneza. Badru, ambaye kanisa lile hakuwahi kuingia, alikuwa ameshashika mbele upande wa pili. Walitazamana, wakainua.

*

Siku ya sita baada ya mazishi Flaviana alitakiwa kurudi kazini. Katika siku hizo mama na binti walipika, walipokea wageni, walifua, na waliongea juu ya chumvi, kuni na kuku. Jioni ya mwisho, wakiosha vyombo, Flaviana aliuliza.

"Mama, umenichukia?"

Laurentia alisuuza sahani, akaisuuza tena.

"Sijui," alisema. "Nikianza kukuchukia wewe, nafika kwangu mwenyewe, nageuka nyuma. Usiniulize tena mwaka huu."

"Sawa, mama."

Asubuhi Laurentia alimsindikiza mpaka barabarani, akimbebea mfuko wa mihogo ingawa Flaviana alikataa. Walisimama mpaka gari likaonekana kwa mbali, vumbi likilitangulia.

"Wale wanafunzi wako wa Kisarawe utawamalizia lini?"

"Wiki ijayo."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia kulikuwa na mgonjwa mmoja..."

"Hapana," Laurentia alisema. "Usiseme mgonjwa mmoja. Taja jina lake."

Flaviana aliitikia kwa kichwa. Akapanda, akakaa dirishani, mfuko wa mihogo mapajani. Maisha yake yote hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita baba, hata katika miaka ile mibaya. Gari lilipoanza kwenda, alifumba macho na kujaribu kulisema, polepole, midomo ikicheza bila sauti. Abiria wa pembeni akadhani anasali, akasogea kumpa nafasi.